"Nilikosea wapi?": maswali na majibu kuhusu majuto na afya ya akili

Watu wengi wanaofika kwa mshauri nasaha hapa Dar es Salaam hulalamikia usingizi, kichwa kuuma au presha. Mkishaongea kidogo, chini yake hutokea swali jingine kabisa: maisha yangu yaliharibikia wapi? Haya ni maswali yanayojirudia sana, nimeyaandika kwa namna watu wanavyoyauliza, bila kumtambulisha mtu.

Je, kujuta ni ugonjwa?

Hapana. Majuto ni hisia ya kawaida na yana kazi yake: hutuonyesha kitu tunachokithamini na kutufanya tuchague kwa uangalifu mara nyingine. Shida huanza pale wazo lilelile linapozunguka kila siku bila kuzaa uamuzi wowote, mtu akaicheua huzuni yake kama ng'ombe anavyocheua majani. Mwanasaikolojia wa Marekani, Susan Nolen-Hoeksema, alilichunguza jambo hili kwa miaka mingi na kuonyesha kwamba wenye tabia hiyo hupata sonona (ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka) kwa urahisi zaidi, na ikiwashika huchelewa kuwaachia.

Jipime hivi: baada ya nusu saa ya kuwaza, umepata lolote la kufanya kesho? Kama hakuna, na ni hivyo kila siku, hapo si kutafakari tena.

Nina miaka 51. Nilikuwa na kiwanja Goba, nikakiuza mwaka 2005 ili mama atibiwe. Mama hakupona. Leo nimepanga Mbagala, na kila nikipita Goba naona nyumba za ghorofa pale palipokuwa pangu. Wenzangu wananiita mjinga. Nitajisamehe vipi?

Kaka yangu, kwanza pole kwa kufiwa na mama. Katika habari hii kila mtu anakizungumzia kiwanja, yeye amesahauliwa.

Mwaka 1972, Rais Richard Nixon wa Marekani alipokaribia kwenda Beijing na baadaye Moscow, watafiti Baruch Fischhoff na Ruth Beyth waliwaomba watu wakadirie mambo gani yangetokea katika ziara hizo. Ziara zilipokwisha, wakaulizwa walikuwa wamekadiria nini. Wengi walikumbuka kwamba walikuwa na uhakika mkubwa juu ya yale yaliyotokea, kuliko uhakika waliokuwa wameuandika kwa mikono yao. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 1975, na ulichoonyesha kimethibitishwa mara nyingi tangu hapo: akili ikishajua mwisho wa jambo, husahau kwamba mwanzoni haikuujua.

Goba ya mwaka 2005 ilikuwa na mashamba na vichaka vingi. Wanaokuita mjinga leo hawakukimbilia kununua viwanja huko wakati ule, na wangejua wangenunua. Unajihukumu kwa habari uliyoipata miaka mingi baada ya kusaini mauziano.

Chukua daftari. Andika mwaka uliouza, halafu chini yake uandike ulichokuwa unakijua wakati ule, nani alikuwa anakutegemea, njia gani nyingine zilikuwepo na nani ulimtaka ushauri. Usiandike chochote ulichokuja kukijua baadaye. Ukimaliza msomee mtu unayemwamini. Wengi wanaofanya zoezi hili hugundua kwamba uamuzi wao ulikuwa wa busara, matokeo ndiyo yaliyokuwa mabaya, na hayo ni mambo mawili. Kuandika kwenyewe kunaweza kusaidia. Mwaka 1986 James Pennebaker na Sandra Beall walichapisha utafiti juu ya wanafunzi wa chuo walioandika kuhusu jambo lililowaumiza, dakika 15 kwa siku, siku nne mfululizo. Mara baada ya kuandika walijisikia vibaya zaidi, lakini miezi iliyofuata waliugua na kwenda zahanati ya chuo mara chache kuliko wenzao. Tafiti za baadaye zimeonyesha kwamba faida hiyo ni ndogo na haimfikii kila mtu, kwa hiyo zoezi hili likikuzidishia maumivu, liache.

Neno moja zaidi. Inawezekana unachokililia si kiwanja. Kiwanja ni rahisi kukitaja mbele za watu. Mwanamume wa miaka 51 kumlilia mama yake hadharani ni vigumu zaidi, na pengine msiba ule hukuwahi kuumaliza kwa sababu ulikuwa na madeni na mazishi ya kushughulikia.

Shikamoo. Nilimaliza kidato cha nne mwaka 2012 nikapata sifuri. Sasa nauza nguo Kariakoo. Kwenye grupu la WhatsApp la shule naona wenzangu wako benki na serikalini. Naona maisha yangu yalikatikia pale.

Marahaba, mdogo wangu. Matokeo ya mwaka ule yalipotangazwa Februari 2013, zaidi ya nusu ya watahiniwa wa nchi nzima walipata sifuri. Waziri Mkuu aliunda tume, serikali ikayafuta matokeo na kuyapanga upya, na hata baada ya hapo wengi walibaki palepale. Nchi nzima haiwezi kufeli kwa sababu ya uvivu wa kijana mmoja mmoja. Sisemi kwamba huna sehemu yako. Ninachoomba ni uigawe lawama kwa haki: lipi ni langu, lipi ni la shule isiyokuwa na mwalimu wa hesabu, lipi ni la nyumbani ambako hapakuwa na taa wala meza. Kijana wa miaka 17 au 18 hakupaswa kuubeba mzigo huo wote peke yake, lakini ndivyo wengi walivyofanya, na bado wanaubeba wakiwa na watoto.

Halafu kuna jambo ambalo Thomas Gilovich na Victoria Medvec waliliona katika miaka ya 1990. Kwa muda mfupi watu huumizwa zaidi na walichokifanya; wakitazama maisha yao yote, huumizwa zaidi na ambacho hawakukifanya. Kwako hii ina maana kubwa, kwa sababu baadhi ya usiyoyafanya bado yanafanyika. Kidato cha nne unaweza kukirudia kama mtahiniwa wa kujitegemea. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ipo kwa ajili ya watu walio katika hali kama yako. VETA Chang'ombe wana kozi za ufundi, nyingine fupi. Ila kabla ya kujiandikisha popote, jiulize kwa utulivu: ninataka benki, au ninataka heshima ninayodhani wale wa benki wanayo? Ukitaka elimu, isome. Ukitaka heshima, huenda hata cheti hakitaituliza hamu hiyo.

Na grupu hilo, linyamazishe mwezi mzima. Watu huweka picha za harusi na magari, hakuna anayeweka picha ya mkopo wa kausha damu.

Kwa nini mawazo haya huja usiku?

Mchana una foleni, wateja na watoto. Usiku akili haina kazi, mwili umechoka, na uchovu hufanya kila kosa lionekane kubwa. Tenga dakika 15 hadi 20 jioni mapema, kabla ya chakula, uziwaze habari hizo ukiwa umekaa na kalamu. Zikija kitandani, ziambie muda wake ni kesho jioni. Ukiona zimepita kama dakika 20 na usingizi hauji, ondoka kitandani. Najua wengi wetu tunaishi chumba kimoja na watoto wamelala. Kaa hata kizingitini upate hewa, simu uiache ndani, urudi usingizi ukikujia.

Usinunue diazepam, dawa ya kutuliza na kulaza, duka la dawa kwa kusikia kwa jirani. Ndani ya wiki chache mwili unaweza kuizoea, na kuiacha ghafla kuna hatari. Pombe nayo hulaza haraka lakini huharibu usingizi wa alfajiri, na siku ya pili huzuni huwa nzito zaidi.

Mimi kosa langu ni la kweli. Nilimtelekeza mtoto wangu na mama yake. Sasa ni mtu mzima. Mnaposema "jisamehe", nahisi mnanidanganya.

Uko sahihi kukataa kufarijiwa haraka. Watu wakikuambia "yaliyopita si ndwele", kumbuka kwamba kwa mtoto huyo bado ni ndwele, na si haki yako wala yetu kumtangazia kwamba yamekwisha.

Kuna hatia na kuna aibu. Hatia husema nilitenda vibaya, na hukusukuma urekebishe. Aibu husema mimi ni mtu mbaya, na hukufanya ujifiche, hivyo aliyeumizwa anakosa hata hicho kidogo ambacho ungeweza kumpa. Kwa hiyo mtafute, kwa kupitia mtu anayemheshimu ikiwezekana. Sema ulichokifanya kwa jina lake, bila "lakini" na bila kumlaumu mama yake. Usimwombe msamaha kwa namna inayomlazimisha kujibu. Mwambie uko tayari kufanya nini, ada ya mdogo wake au mtaji, kisha utimize hata kama hakupokei. Anaweza kukataa kukuona. Likitokea hilo, litakuuma, na utahitaji mtu wa kuzungumza naye ili usirudi kumsumbua.

Kama uliyemkosea ameshafariki, fanya kwa ajili ya waliobaki wake. Dini zetu zina njia pia, kwa dua, sadaka, kitubio au maombi.

Ndugu wanasema nimerogwa, wengine wanataka nikaombewe. Niende?

Ibada na watu wanaokupenda ni msaada mkubwa, sikukatazi. Mtu akikuambia uache dawa za hospitali, au akidai fedha ambazo ungemlishia mtoto, mkatalie.

Ni wakati gani niende hospitali, na wapi?

Kama kwa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, huzuni haiondoki au vitu ulivyovipenda havikupi raha, pamoja na usingizi kuvurugika, hamu ya kula kubadilika, kuchoka bila sababu, kushindwa kutuliza akili au kujiona huna thamani, hiyo yaweza kuwa sonona. Anza zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, au hospitali za rufaa za mkoa za Amana, Temeke na Mwananyamala. Muhimbili ina idara ya magonjwa ya akili. Mtoa huduma anaweza kukupima damu, kwa sababu upungufu wa damu au ugonjwa wa tezi la shingo huweza kuleta dalili zinazofanana na hizo. Ukiandikiwa dawa kama fluoxetine, huchukua wiki mbili hadi nne kuanza kuonekana kazi yake, kwa hiyo usiache siku ya tano ukasema haifanyi kazi.

Mazungumzo pia ni tiba. Huko Harare, Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha akina bibi wa mitaani kuwasikiliza watu kwenye benchi nje ya zahanati na kutatua nao shida moja moja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa baada ya miezi sita waliokaa kwenye benchi hilo walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Mume wangu ana miaka 59, anakaribia kustaafu. Hukaa kimya nje hadi usiku, na akiongea ni kwamba amepoteza maisha yake. Nimsaidie vipi?

Mama, usianze kwa kumhesabia baraka zake, ataona humsikii. Kaa naye hapo nje, umuulize, "Baba fulani, ni jambo gani linalokuuma zaidi?" kisha ukae kimya hata kama kimya ni kirefu. Asubuhi mwombe mtembee pamoja, hata mpaka sokoni na kurudi. Usimwambie tu aende hospitali. Mwambie Alhamisi mtakwenda wote.

Muulize pia wazi kama anafikiria kufa. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo, na wengi hupata nafuu wanapoulizwa. Akikubali, au akianza kugawa vitu vyake, kuaga watu au kusema ninyi mtapumzika asipokuwepo, asibaki peke yake hata kidogo. Ondoa dawa za panya, za wadudu na vidonge vyote ndani ya nyumba, mwite mwanawe mkubwa au jirani, na mpelekeni idara ya dharura siku hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane. Kwa ushauri, namba ya bure ya Wizara ya Afya ni 199.