Reki si treili: gurudumu kubwa la mbele kwenye Harley za mabegi

Kila inapozunguka video ya Harley yenye gurudumu la mbele lililokaribia kufika kwenye usukani, hakosi mtu wa kueleza kwa kujiamini kwamba siri ni "kuongeza reki, pikipiki itulie". Wa pili anamjibu kuwa reki na treili ni kitu kimoja, mafundi wanapenda tu maneno mengi. Si kitu kimoja, na anayevichanganya akiwa na mashine ya kuchomelea mkononi anaweza kumuumiza mtu.

Reki ni pembe. Shingo ya fremu, yaani lile bomba ambamo usukani unazungukia, imelala kidogo kuelekea nyuma. Kiasi ilivyolala kutoka wima ndiyo reki, na hupimwa kwa digrii. Treili ni umbali. Chukua mstari unaopita katikati ya shingo hiyo, uushushe mpaka ardhini. Tairi linagusa ardhi nyuma kidogo ya mstari huo. Nafasi kati ya nukta hizo mbili ndiyo treili. Kwa sababu tairi linaburutwa nyuma ya mstari linakogeukia, hujinyoosha lenyewe, kama vigurudumu vya toroli la supamaketi. Basi, maana yenyewe imeishia hapo.

Pikipiki zinazozungumzwa ni zile Harley-Davidson za safari ndefu, Street Glide, Road Glide na Electra Glide, zenye mabegi magumu ubavuni. Huko Marekani kuna mafundi wanaozivalisha magurudumu ya mbele ya inchi 21, 23, 26, hata 30, na kwenye mikusanyiko ya waendesha pikipiki ya Daytona mwezi Machi na Sturgis mwezi Agosti hutazikosa.

Kabla ya kufika kwenye reki, hizo inchi nazo zina jambo lake. Namba hiyo ni ya rimu, si ya gurudumu zima pamoja na tairi. Harley wenyewe walianza na rimu ya mbele ya 16, mwaka 2009 wakahamia 17, na baadhi ya modeli zikapanda hadi 18 na 19, watu wakasema kiwanda nacho kimeingia kwenye mchezo wa magurudumu makubwa. Tazama matairi yake sasa: 130/90 kwa 16, 130/80 kwa 17, 130/70 kwa 18, 130/60 kwa 19. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita; ya pili ni asilimia ya upana huo, inayoonyesha tairi limeinuka kiasi gani kutoka kwenye rimu. Piga hesabu utaona zote nne zinaiweka ekseli takriban milimita 320 kutoka ardhini. Rimu imekua, tairi limepungua, na shingo ya pikipiki haijajua kama kuna kilichobadilika. Upande wa pili, Boxer ya bodaboda nayo ina rimu ya 17 mbele, lakini kwa tairi lake la 2.75 ekseli iko chini zaidi ya ile ya Harley ya 17 kwa sentimita tatu na zaidi. Kinachohesabika kwenye treili ni urefu wa ekseli kutoka ardhini.

Rimu ya 26 ndiyo inayobadilisha mambo. Ukiivalisha tairi la 120/50, ekseli inapanda hadi kama milimita 390. Harley hizi zinatoka kiwandani na reki ya digrii 26 na treili ya kama sentimita 17. Gurudumu likiwa refu treili inaongezeka, na kwa kuwa pua ya pikipiki imeinuka, shingo nayo inalala kwa digrii mbili na nusu hivi. Kwa hesabu ya karatasi, treili imeshafika karibu sentimita 23 na hakuna aliyegusa fremu. Wengi hushusha na sehemu ya nyuma kwa shokapu za upepo, ikazidi tena.

Lakini fremu lazima iguswe, maana gurudumu la ukubwa huo linagonga mabomba ya mbele shokapu zikibonyea. Kwa hiyo shingo inakatwa na kuchomelewa upya ikiwa imelala zaidi, gurudumu liende mbele. Hii inaitwa kuongeza reki. Kisha fundi anafunga vibano vinavyoshikilia shokapu za mbele kwenye shingo, cha juu na cha chini, vilivyotengenezwa kwa mshazari ili miguu ya shokapu ilale kuliko shingo yenyewe. Hii nayo inaitwa kuongeza reki! Jina moja, kazi mbili, na kwa treili kazi hizo zinavutana.

Chukua pikipiki ya kiwandani, usibadilishe gurudumu. Weka digrii 7 shingoni: treili inapanda kutoka 17 hadi kati ya sentimita 22 na 23. Rudisha shingo ilivyokuwa, halafu weka digrii 7 hizo hizo kwenye vibano: treili inashuka hadi karibu sentimita 8, kwa sababu ekseli imesogezwa mbele wakati mstari wa shingo umebaki palepale. Aliyeweka shingoni ana pikipiki nzito, inayokwenda moja kwa moja barabara kuu lakini kwenye maegesho usukani unamwangukia upande, na zaidi kwenye Street Glide ambayo kava lake la mbele limebebwa na shokapu. Aliyeweka kwenye vibano ana usukani mwepesi mno, ambao mwendo ukizidi unaweza kuanza kutetemeka. Wote wawili watakwambia wameongeza reki ya saba, na hawadanganyi.

Ndiyo maana kwenye gurudumu la 26 au 30 kazi hizi mbili hufanywa pamoja. Shingo ikilazwa hadi digrii 34, treili inaruka hadi kama sentimita 28. Vibano vya digrii 7 vinairudisha kwenye 18 hivi, karibu na ya kiwandani. Reki imeongezwa ili gurudumu lipite, treili imerudishwa ili mtu aweze kuendesha.

Kuna pia wanaoweka simu juu ya mguu wa shokapu, wakasoma digrii 29, kisha wakatangaza kwamba Harley wanadanganya kuandika 26. Hawakudanganya. Kwenye modeli za miaka mingi, miguu ya shokapu ilifungwa nyuma ya shingo na kulazwa zaidi yake: shingo 26, shokapu 29.25. Aliyepima shokapu amepima shokapu, na reki inasomwa shingoni.

Kwa hiyo ukiambiwa pikipiki "imewekwa reki saba", namba inaweza kuwa sawa kabisa ila haijakamilika. Uliza imewekwa shingoni au kwenye vibano, kisha uliza treili imebaki milimita ngapi. Fundi aliyeipima atakujibu papo hapo.