Nani Kamfukuza Mbweha?

Kila ninapomwonyesha mtu ramani ya mbweha aliyefungwa kola ya redio, ukanda wa shingoni unaotoa mawimbi ya kuonyesha alipo, huniuliza swali lile lile. Nukta za mahali alipopatikana zimezunguka mahali pamoja kwa miezi, kisha usiku mmoja zinanyooka na kutoka kwenye karatasi. Nani kamfukuza huyu? Huwa najibu kwamba huenda hakuna aliyemfukuza.

Ninamzungumzia mbweha mwekundu. Watoto wake, wanne au watano kwa kawaida, huzaliwa majira ya kuchipua, na ifikapo vuli wanakaribia ukubwa wa wazazi. Hapo ndipo uhamaji huanza. Madume huhama kwa wingi kuliko majike, na huenda mbali zaidi. Huko Marekani dume mmoja alipatikana kilomita 394 kutoka alikowekewa alama.

Ni rahisi kudhani kwamba mnyonge hupigwa mpaka akafungasha virago. Ugomvi upo, na watoto hupangana vyeo kwa meno wangali wadogo kabisa. Lakini mwaka 1992 Stephen Harris na Piran White walichapisha utafiti wa mbweha wa Bristol, Uingereza, na picha waliyoipata ni nyingine: kuhama kulihusiana zaidi na kupungua kwa ukaribu kuliko na kuongezeka kwa vipigo. Ukaribu wenyewe ni mambo madogo kama kulambwa na kusafishwa manyoya. Kwangu hili lina uzito, maana sisi watafiti huvutwa na kelele. Mapigano huyaona kila mtu. Mbweha ambaye halambwi na yeyote ni rahisi kumpita bila kumwona.

Dume akibaki, majike walio karibu naye ni mama yake na dada zake, na nafasi ya kuzaa imeshikwa na baba. Jike ana sababu zaidi ya kukaa. Anayajua maficho na mahali pa chakula, na mama akifa, eneo linaweza kuwa lake. Kwa sasa mara nyingi hazai, bali huwaletea chakula na kuwalinda wadogo zake. Mtafiti wa mbweha David Macdonald aliwaeleza wasaidizi wa aina hii mwaka 1979. Kuwalea si kazi ya bure: ndugu wa baba na mama mmoja hubeba, kwa wastani, nusu ya jeni za jike huyo, sawa na ambavyo mtoto wake mwenyewe angebeba. (Ila baba wa watoto wa tumbo moja si lazima awe mmoja, kwa hiyo hesabu hiyo huyumba.) Yote haya yanategemea chakula: eneo likiwa na ziada, kinywa kimoja zaidi hakimsumbui mtu.

Tena wengi hawaondoki kwa mkupuo. Hutoka usiku, wakavuka mipaka ya majirani, kisha wakarudi kulala nyumbani. Ndiyo maana nukta zikitoka kwenye ramani siandiki kwamba amehama. Nangoja wiki kadhaa kwanza, na zaidi ya mara moja nimemkuta kwao, amejikunja kichakani kama hakutoka kabisa.