Hasi si ya kutupwa hivihivi: dhana potofu kwenye mafumbo ya kwadratiki

"Ticha, hasi si tunatupa?"

Kila darasa linapofika kwenye mafumbo ya kwadratiki, yaani maswali ya maneno yanayozaa mlinganyo wenye x², kauli hii lazima niisikie. Mwanafunzi wa kidato cha pili ametatua mlinganyo vizuri, amepata x = 7 na x = −8. Papo hapo −8 inapigwa mstari, 7 inazungushiwa duara, kalamu inawekwa chini. Swali halijasomwa tena. Ukimuuliza kwa nini, atakwambia ndivyo inavyofanywa: kaka yake alifundishwa hivyo, na tuisheni wanasema hivyo. Inaniudhi kwa sababu huyu si mtoto asiyejua hesabu. Kazi ngumu ameshaimaliza, halafu anaangusha alama kwenye mstari wa mwisho.

Swali lenyewe lilikuwa hili: zao la namba kamili mbili zinazofuatana ni 56, zitafute. Namba ndogo ikiwa x, 7 na 8 ni jibu. −8 na −7 nazo ni jibu, maana hasi mara hasi ni chanya, na baada ya −8 inakuja −7. Hakuna mahali swali liliposema namba hizo ziwe chanya. Aliyekata −8 amekata nusu ya jibu.

Ukweli ni kwamba alama peke yake haiamui chochote. Kinachoamua ni kitu ambacho x inakisimamia. Kama x ni upana wa chumba, hasi haifai kwa sababu hakuna chumba chenye upana wa aina hiyo. Kama x ni nyuzi joto, hasi inafaa kabisa. Kama x ni miaka kuanzia leo, −5 ni miaka mitano iliyopita, na huenda hilo ndilo jibu linalotafutwa.

Dhana hii ina upande wa pili, nao ndio unaoharibu zaidi: imani kwamba chanya siku zote ni salama. Tazama swali hili. Bustani ina urefu wa mita 20 na upana wa mita 12. Ndani yake, kufuata kingo zote nne, imetengenezwa njia yenye upana sawa, na sehemu ya kupanda iliyobaki ni mita za mraba 128. Njia ina upana gani? Tukiuita x, tunapata (20 − 2x)(12 − 2x) = 128, ambayo ikirahisishwa inakuwa x² − 16x + 28 = 0. Majibu ni 2 na 14. Yote mawili ni chanya. Sasa yule wa "tupa hasi" atafanya nini? Nimeona wanaoandika yote mawili, na nimeona wanaobahatisha.

Weka 14 kwenye bustani. Njia ya mita 14 kila upande inahitaji mita 28 za upana, na bustani nzima ina 12. Haiwezekani. Lakini weka hiyo 14 kwenye mlinganyo uone: (20 − 28)(12 − 28), yaani −8 mara −16, ni 128. Mlinganyo umeikubali bila wasiwasi, kwa sababu hasi mbili zimezidishana zikazaa chanya. Ndiyo maana nasisitiza kila siku: kuhakiki jibu kwa kulirudisha kwenye mlinganyo hakutoshi. Lirudishe kwenye maneno ya swali. Mlinganyo haujui kwamba kuna bustani.

Jambo hili si geni. Bhaskara, mwanahisabati wa India wa karne ya 12, aliuliza kuhusu kundi la kima: chukua moja ya tano ya kundi, toa tatu, kinachobaki kizidishe chenyewe kwa chenyewe; hao wameingia pangoni, na kima mmoja tu anaonekana nje. Kundi lina kima wangapi? Mlinganyo unatoa 50 na 5. Bhaskara alilikataa 5, ingawa ni chanya, kwa sababu moja ya tano ya 5 ni 1, na ukitoa 3 unabaki na kima −2. Alirudi kwenye maneno ya swali, akasoma, akaamua.

Na kuna maswali ambayo chanya zote mbili zinabaki. Una wavu wa mita 40 wa kuzungushia ua wa kuku wa umbo la mstatili, ukuta wa nyumba ukiwa upande mmoja, na unataka mita za mraba 150. Upana ukiwa x, urefu ni 40 − 2x. Majibu ni 5 na 15: ua wa mita 5 kwa 30, au 15 kwa 10. Zote zinajengeka. Mwanafunzi anayeamini kwamba fumbo lazima liwe na jibu moja ataikata mojawapo bila sababu yoyote. Al-Khwarizmi, aliyefanya kazi Baghdad katika karne ya 9, hakuzikubali hasi kabisa, lakini hata yeye katika x² + 21 = 10x alitoa yote mawili, 3 na 7.

Dawa yangu ni moja, na wanafunzi wangu wanaijua: kabla ya kutatua chochote, andika mpaka wa x pembeni. Kwenye bustani, 12 − 2x lazima izidi 0, kwa hiyo x iko kati ya 0 na 6. Ukishaandika hivyo, 14 inaanguka yenyewe. Kwenye wavu, x iko kati ya 0 na 20, kwa hiyo 5 na 15 zote zimo. Ni mstari mmoja tu wa daftari. Sielewi kwa nini haufundishwi kila mahali.

Dhana nyingine: "b² − 4ac ikiwa hasi, nimekosea." Hiyo b² − 4ac, kwenye mlinganyo ax² + bx + c = 0, ndiyo inayoonyesha kama kuna jibu; ikiwa hasi, hakuna x inayofaa. Inawezekana umekosea, kagua. Lakini chukua wavu uleule wa mita 40, udai mita za mraba 250. Utapata x² − 20x + 125 = 0, na b² − 4ac ni −100. Hujakosea popote. Wavu hautoshi: eneo kubwa kabisa unaloweza kulizungushia kwa namna hiyo ni mita za mraba 200, upana ukiwa 10 na urefu 20. "Haiwezekani" ni jibu kamili. Liandike, na uandike sababu.

"Fomula ndiyo njia ya uhakika." Fomula ya kutatulia kwadratiki haina tatizo. Ila kwenye mafumbo alama nyingi hupotea wakati wa kuunda mlinganyo, na fomula itautatua mlinganyo mbovu kwa usahihi uleule.

"Pande zote zina t, gawanya kwa t." Usifanye hivyo. Jiwe linarushwa juu kutoka ardhini, kimo chake baada ya sekunde t ni mita 20t − 5t². Liko ardhini lini, yaani lini 20t = 5t²? Ukigawanya kwa t unabaki na 4 peke yake. Toa t nje ya mabano, utapata 0 na 4, na zote ni kweli.

Na hii ya mwisho inanikera karibu kama ile ya kwanza: "nikipata x nimemaliza." Basi limekwenda kilomita 120, lingeongeza kasi kwa kilomita 10 kwa saa, lingefika saa moja mapema. Lilitumia muda gani? Kasi ikiwa x, majibu ni 30 na −40, na hapa −40 kweli haifai. Mwanafunzi anaandika 30, anafunga daftari. Swali liliuliza muda. Ndiyo maana sisahihishi fumbo lisilo na sentensi ya jibu: "Basi lilitumia saa 4."