Hodi ni ombi, ndugu zangu

Kuna sentensi nimechoka kuisikia hapa Tanga: "si nilipiga hodi?" Anaisema mtu ambaye tayari yuko uani kwako, keshapita barazani, keshapita ukumbini, kamkuta mama wa watu na kanga moja anaanua nguo, na akiulizwa mbona umeingia tu anajibu bila wasiwasi wowote, si nilipiga hodi. Na kweli aliipiga. Aliipiga huku anatembea.

Haya, tuanze na maana tuimalize. Hodi ni neno la kuomba ruhusa ya kuingia kwa mtu, na jibu lake linaweza kuwa karibu, au nani, au subiri kidogo, au kimya. Basi. Hata mtoto wa chekechea anaijua hiyo. Shida iko kwenye hilo "kuomba", maana anayeomba anaweza kunyimwa, na hodi nyingi za siku hizi hazina nafasi ya kunyimwa, neno na mguu vinaingia pamoja. Hapo umetangaza kwamba umefika, hujaomba kitu.

Halafu kuna hii ya kuchanganya hodi na salamu, na hapa ndo huwa nabishana na watu sana. Kwetu wengi wakifika mlangoni wanasema Assalaam alaykum badala ya hodi, ni vizuri tu, sina neno, ila salamu ukiitoa huku umeshavua viatu na mguu mmoja uko ndani inabaki kuwa salamu, ruhusa bado hujaiomba. Ni vitu viwili. Ukisoma Kurani, Suratun Nur aya ya 27 vimetajwa vyote viwili kila kimoja na nafasi yake, msiingie nyumba zisizo zenu mpaka muombe ruhusa na muwatolee salamu wenyewe. Na aya inayofuata, ya 28, ndo ambayo watu wanaisoma kwa sauti nzuri halafu hawaifuati, kwamba mkiambiwa rudini basi rudini. Hebu jaribu leo kumwambia mtu mlangoni "samahani, sasa hivi hapana, rudi jioni". Utaambiwa unaringa, utaambiwa siku hizi umepata hela, na maneno yatafika mtaa wa Makorora kabla yake. Wakati wewe uliyemrudisha hujamtukana, umemjibu swali lake.

Sasa wageni wa mji huu labda waelezwe kidogo nyumba zetu zilivyo. Pale Ngamiani kwenye zile barabara za namba, nyumba ya Kiswahili ina baraza mbele, ukishapita mlango mkubwa unakuta ukumbi umenyooka mpaka uani, vyumba huku na huku, na kila chumba mara nyingi kina mpangaji wake na pazia lake. Mlango mkubwa unashinda wazi kutwa kwa sababu ya joto na kwa sababu watoto wanaingia na kutoka, ndo hapo mtu anajiambia mlango uko wazi kwa hiyo ruhusa ipo. Haipo. Nyumba ya namna hii ina hodi mbili, ya kwanza pale mlango mkubwa, ya nyumba nzima, na ya pili kwenye pazia la huyo unayemtaka. Na hodi ya pazia inapigwa mikono ikiwa chini, maana kuna wale wa kushika pazia, kulifunua kidogo, kuchungulia, halafu ndo "hodi jamani". Sasa unaomba nini na umeshaona kila kitu mpaka soksi zilipo?

Kuna hadithi ya Mtume inasema kuomba ruhusa kumewekwa kwa ajili ya macho. Naipenda sana hii kwa sababu inamaliza ubishi, kinachozuiwa kwanza ni jicho, mguu unafuata baadaye. Na imepokelewa pia kwamba yeye mwenyewe akienda kwa watu hakuwa anasimama kuukabili mlango, alikuwa anakaa upande wa kulia au wa kushoto, maana milango ya wakati ule haikuwa na mapazia. Sisi mapazia tunayo na bado tunasimama katikati kama tunapigwa picha ya pasipoti.

Idadi yake mnaijua, mara tatu, usipojibiwa unarudi. Ila mara tatu yenyewe sio "hodihodihodi" kwa pumzi moja. Madrasa wanafundisha kwamba ya kwanza wakusikie, ya pili wajiandae, ya tatu waamue kukukaribisha au kukurudisha. Kwa hiyo katikati kuna kusubiri, mtu atafute kanga yake, aokote ile sahani, azime redio, amalize anachokifanya ambacho wala hakikuhusu. Ukiondoa kule kusubiri, hodi yenyewe inakuwa imekwenda.

Na msiniambie "mimi ni wa hapahapa, mimi ni shemeji, mimi nimelelewa kwenye nyumba hii". Suratun Nur hiyohiyo aya ya 58 inazungumza na watu wa ndani ya nyumba kabisa, watumishi na watoto ambao hawajabaleghe, kwamba waombe ruhusa nyakati tatu, kabla ya sala ya alfajiri, mchana mnapopunguza nguo kwa joto, na baada ya isha. Mchana mnapopunguza nguo! Mtu wa Tanga asielewe hapo kweli, mji ambao ikifika saa nane mwezi wa pili hata paka analala? Jirani zetu Wakristo hawana aya hii lakini kusema ukweli wengi wao wanaishika hodi kuliko sisi tuliofundishwa na vyuo vya Kurani.

Tuje kwenye simu, maana ndo imeharibu zaidi. Vidio koli ya ghafla ni kufunua pazia, sina maelezo mengine. Mtu hajakutumia hata neno moja, saa nne usiku uso wake uko kwenye simu yako na wewe umejilaza, na usipopokea kesho anakuuliza kwa nini ulinikatia. Kipindi kile cha kubipu tulikuwa tunacheka lakini kubipu ilikuwa hodi safi kabisa, nimeita kidogo, nimekata, ukiweza utanirudia. Na ile meseji ya "niko hapa nje" nayo sio hodi, umeshafika, mwenzio atasema hapana saa ngapi?

Au hii ya namba ngeni. "Mambo." Poa, nani mwenzangu? "Mimi." Mimi nani? "Yaani umenifuta?" Jamani. Jabir, sahaba mkubwa tu, aligonga mlango wa Mtume, akaulizwa nani, akajibu mimi, na Mtume akawa anasema "mimi, mimi" kama mtu aliyechukizwa na hilo jibu. Sahaba! Sembuse wewe uliyebadilisha laini juzi. Taja jina, taja na shida yako kama ipo, mwenye simu aamue.

Magrupu ya michango ya harusi ndo sitaki hata kuanza. Unaamka asubuhi umeshaongezwa kwenye kamati, umeshapangiwa kiwango, ukitoka admini anaarifiwa kwamba umetoka, kwa hiyo wewe ndo unaonekana huna adabu na aliyekuingiza bila kukuuliza ana adabu zake kamili. Tangu 2019 WhatsApp wameweka sehemu kwenye setingi ya faragha unachagua nani anaweza kukuongeza kwenye grupu, ukiibana admini inabidi akutumie mwaliko kwanza, ukubali au uupotezee. Wazungu wa simu wametutengenezea hodi ambayo sisi wenyewe tulikuwa nayo, na bado ukiiwasha kuna watu wananuna.

Nikubali kwamba hata sisi wenye nyumba tunachangia. Tumezoea mdomo kusema karibu kabla hata hatujajua ni nani na kaja na nini, mtu yuko bafuni anajibu karibu, mtu kakasirika na mumewe anajibu karibu, halafu mgeni akiingia tunamlaumu. Si useme subiri? Bibi zetu walikuwa wanasema "nani mwenzetu?" kwanza, taratibu, na hakuna aliyeona kafukuzwa.

Kwa hiyo wewe wa si nilipiga hodi, sikulaumu, nadhani hakuna aliyekwambia. Siku nyingine simama pale barazani, kwa pembeni kidogo, piga moja, subiri, piga ya pili. Ukijibiwa "nani?" sema jina. Na ukiambiwa subiri, subiri hapohapo barazani, ukumbini bado hujakaribishwa.