Kizibo cha soda hakina akili: tunavyokosea kuhusu meza za kidijitali

Kuna meza ambayo uso wake ni skrini. Ukiweka kikombe juu yake ramani inafunguka, ukikizungusha ramani inakua au inapungua. Nikiwaeleza watu hapa Kampala, majibu huwa yaleyale.

Dhana: Ndani ya kikombe kuna chipu.

Ukweli: Mara nyingi hamna kitu. Kigeuze uone: chini kumebandikwa karatasi yenye alama nyeusi na nyeupe, madoa ndani ya madoa. Kamera iliyofichwa chini ya meza huisoma alama hiyo kupitia uso unaopitisha mwanga, na programu inapata mambo matatu: ni alama ipi, iko wapi, imeelekea upande gani. Basi. Kwa hiyo hata kizibo cha soda kinafaa, ingawa ni kidogo na kamera itahangaika. Kifuniko cha kopo la maziwa ya unga ni bora zaidi. Reactable, ala ya muziki iliyoanza kubuniwa mwaka 2003 katika Chuo Kikuu cha Pompeu Fabra, Barcelona, hufanya kazi hivyohivyo, na programu yake ya kusoma alama, reacTIVision, inapatikana bure.

Dhana: Ni mambo ya matajiri.

Ukweli: Ile meza ya Microsoft iliyotangazwa mwaka 2007 iliuzwa karibu dola 10,000, sikatai. Lakini fremu unachomelewa Katwe, mtaa wa mafundi wa chuma hapa Kampala, kioo unakatiwa mjini, kamera ni ya kompyuta ya kawaida iliyotolewa kichujio kinachozuia infraredi, mwanga usioonekana kwa macho. Kinachouma mfuko ni projekta, ile inayorusha picha kwenye uso wa meza. Adui mwingine ni jua: kamera hutazama infraredi ili picha ya projekta isiichanganye, na jua letu limejaa infraredi. Iweke meza karibu na dirisha saa saba mchana, vikombe vyote vinapotea. Nunua pazia zito kwanza.

Dhana: Tableti yoyote itafanya kazi hiyo.

Ukweli: Skrini ya tableti huhisi kitu kinachopitisha umeme, kama kidole. Kizibo cha plastiki haikioni kabisa. Kizungushie foili ya alumini, ukishike, itakiona. Ukikiachia, mara nyingi inakisahau.

Dhana: Kidole kinatosha, vitu ni mbwembwe.

Ukweli: Watafiti Fitzmaurice, Ishii na Buxton walilijibu hili tangu 1995 kwa vitofali vyao vya kushika picha kwenye skrini. Kitu kilicho mkononi huhitaji kukitazama. Mchezaji wa mweso, bao letu la Uganda, hugawa mbegu huku macho yake yakiwa kwa mpinzani. Tena watu wanne wanaweza kuizunguka meza, kila mmoja na chake.

Kasoro ipo, na wauzaji huiruka. Ukiiambia kompyuta irudishe hatua ya nyuma, picha inarudi, kikombe kinabaki palepale. Programu nzuri itakuchorea duara mahali kinapotakiwa, halafu ukisogeze mwenyewe.