Je, Mlio Mkali Ndio Unaomvuta Wapiti Dume?

Miongoni mwa wanaojifunza kuwinda wapiti, mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu anayeishi Amerika ya Kaskazini, imeenea imani kwamba anayeigiza kwa nguvu mlio wa dume ndiye atakayemvuta dume karibu. Imani hiyo ina chanzo kinachoeleweka, kwa kuwa katika msimu wa kupandana, hasa mwezi Septemba, madume huitikiana kwa sauti kali inayosikika mbali. Hata hivyo, dume ambaye tayari ana kundi la majike mara nyingi hujibu mlio wa mpinzani, kisha akawaswaga majike wake kwenda mbali na mlio huo. Sauti inayostahili kujifunzwa kwanza, kwa maoni yangu, ni ule mlio mfupi na mwororo ambao majike na ndama hutumia mwaka mzima ili wasipoteane. Wawindaji wengi huuigiza kwa kipande chembamba cha mpira kinachobanwa kwenye kaakaa kwa ulimi. Anayetaka kuhakikisha anaweza kwenda Septemba katika hifadhi ya Yellowstone, nchini Marekani, ambako uwindaji umepigwa marufuku, akasikiliza bila kumkaribia mnyama chini ya mita 23, na kuandika ni yupi aliyelia, yupi aliyejibu, na aliyejibu alielekea upande gani.