Kuunganisha maneno si uvivu wa ulimi

Imani ya siku nyingi inasema kwamba anayetamka "mwanangu" badala ya "mwana wangu", au "watakani?" badala ya "wataka nini?", anaharibu Kiswahili kwa haraka za siku hizi. Si kweli, na inasikitisha kuona watoto wakisahihishwa kwa jambo wanalolijua vizuri.

Sikiliza mkazo. Katika Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. "Mume" hukazwa kwenye *mu*. Tamka "mumewe": mkazo umehamia *me*. Ungekuwa uzembe tu, mkazo ungebaki ulipokuwa. Umehama kwa sababu kipande kidogo kimejishikiza, na sasa vyote viwili vinahesabiwa kuwa neno moja. Ndivyo ilivyo kwa "wataka" na "watakani". Hiyo ni kanuni, na tenzi za kale zimejaa maumbo ya namna hii.

Maandishi ndiyo hutupotosha. Tunaandika "na maji" kwa nafasi katikati, lakini "na" haina mkazo wake; huegemea "maji" na kutamkwa pamoja nalo. Mbele ya "yeye" tumekubali hata kuandika pamoja: naye.

Lugha nyingine hufanya vivyo hivyo. Kilatini kilibandika *-que*, yaani "na", mwishoni mwa neno: *Senatus Populusque Romanus*, "Seneti na Watu wa Roma". Mwaka 1892 mwanaisimu Jacob Wackernagel alionyesha kwamba katika lugha za kale za jamii ya Kihindi-Ulaya, kama Kigiriki na Kilatini, vijineno visivyo na mkazo hupenda kukaa nafasi ya pili katika sentensi.